Kutafuta vyuma ufuoni Mombasa: ninunue mashine gani, na wenzangu nitawapata wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, nafanya kazi hotelini Bamburi. Kulikuwa na mgeni wetu mmoja kutoka Uingereza, kila alfajiri anatembea ufuoni na mashine ya kutafuta vyuma. Siku moja alimfukulia bibi harusi pete yake iliyodondoka mchangani, na tangu hapo sijatulia. Nimeweka akiba kidogo. Ninunue mashine gani? Hapa Mombasa kuna watu wa mambo haya nijiunge nao? Rafiki zangu wananishauri niende kwenye magofu ya Mtwapa na Jumba la Mtwana, eti kumejaa mali za Wareno.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo litakalokutia matatani kabla hata betri haijaisha chaji.

Magofu yaache kabisa. Hao rafiki zako hata hadithi yenyewe wameikosea: Jumba la Mtwana ni mji wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika karne ya 14, na watu walikuwa wameshauhama Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa 1498. Mreno angeficha mali yake Jumba amwachie nani? Lakini hata kama mali ingekuwapo, si yako wala si yangu. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inasema vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya Serikali. Kitu cha kale, kwa sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kuvitafuta kwa kuchimba, au hata kwa kupekua juu ya ardhi bila kuchimba, kunataka kibali. Kutembeza ditekta, yaani hiyo mashine ya kutafuta vyuma, juu ya gofu ni kupekua, hata usipogusa jembe. Na kibali hicho hupewa watafiti wenye chuo au taasisi nyuma yao. Mtu wa kujifurahisha wikendi hakimhusu.

Watu wengi wakisikia hivyo husema Serikali inawabania wanyonge. Mimi siioni hivyo, na nitakupa mifano miwili ya sarafu uamue mwenyewe.

Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walikuwa wakichimba Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakatoa sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, iliyoanza 1403. Sarafu yenyewe sokoni haina bei ya kutisha, zimebaki nyingi duniani. Uzito wake ulikuwa katika mahali ilipokutwa: tabaka gani la udongo, pamoja na vigae gani. Kwa hayo ndiyo watu wakaweza kuzungumza kwa ushahidi juu ya biashara ya pwani yetu na China zama za safari za Zheng He, amiri wa merikebu za China. Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Akazitia ndani ya kopo. Zilikaa humo mpaka 1979 alipozipeleka kutambuliwa. Sarafu za Kilwa, Australia! Ingekuwa habari kubwa ya ubaharia wa watu wetu, lakini mahali penyewe hakupaandika ila kwa alama ya kukumbukia kwenye ramani, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Ukikifukua kitu bila kuandika kilikolala, umekikata ulimi.

Mgeni wako wa Uingereza ana utaratibu mwingine kwao. England na Wales wana mpango ulioanza 1997 wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia, na vilivyoandikishwa vimepita milioni moja, vingi vikiwa vya watu wenye ditekta kama yeye. Kwa hiyo video za Waingereza wanaofukua sarafu za Warumi kwenye mashamba zitazame ujifunze mikono yao, ila usizichukue kama ruhusa. Kwetu hakuna mpango kama huo.

Na ukikutana na kitu cha zamani kwa bahati tu, huko ufuoni? Hutokea, maana bahari hula kingo za ardhi na kuangusha kilichokuwamo. Hapo simama. Usichimbe zaidi, usikisugue, piga picha kikiwa palepale, andika mahali kwa simu, halafu uende Fort Jesus kwenye ofisi ya akiolojia ya Pwani. Sheria inakupa siku 7 za kutoa taarifa, na mimi nasema nenda kesho yake. Usiogope kuonekana mwizi. Anayejitokeza mwenyewe hupokewa vizuri, na huo ndio mlango wa kujuana na watu utakaowahitaji baadaye.

Kipimo cha haraka cha sarafu ni hiki. Ukiona shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake, au senti kumi yenye tundu katikati na pembe za ndovu, hiyo ni ya karne ya 20, si kitu cha kale kisheria. Shilingi hizo hadi za 1946 zina robo ya fedha ndani yake, ndiyo maana zikitoka mchangani huwa nyeusi. Ukiona pesa ya shaba yenye mizani na mwaka 1888, hiyo ni ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ilitolewa kwa matumizi ya Mombasa, na hiyo imevuka mstari wa 1895: ipeleke. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ndiyo yenye hila. Zote zimeandikwa 1780, lakini ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo mpaka karne ya 20, kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuambii umri wake. Usijifanye hakimu, wapelekee wenye ujuzi.

Maji nayo ni hivyohivyo. Mbele ya Fort Jesus imelala Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama 1697 wakati Waomani wameizingira ngome, na wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyombo vyake vingi viko makumbusho humohumo ngomeni, kiingilio unalipa unaviona. Nenda kaviangalie kabla hujanunua mashine. Utajifunza chuma kinavyogeuka donge la kutu na mchanga baharini, na shaba inavyogeuka kijani, na siku ukikiona kitu cha namna hiyo mkononi utajua usikitupe.

Sasa mchezo wenyewe. Mombasa mchezo huu ni wa ufuoni: pete, hereni, sarafu za juzi na jana, funguo za gari, simu, miwani, chubwi za wavuvi na vizibo vya soda visivyo na idadi. Nakuhakikishia unatosha kabisa kumfurahisha mtu. Pete ya bibi harusi uliyoiona ikitoka ina watu wanaoilia; shanga ya shaba ya karne ya 15 haina.

Jua maji kwanza, mashine baadaye. Wewe ni wa Kisauni, sina haja ya kukufundisha bamvua, lakini wengi wanaovutiwa na mchezo huu ni wa bara, kwa hiyo nisemee na wao. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku za bamvua kupwa kwake hukufungulia mchanga ambao siku nyingine una mtu anaogelea juu yake. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji. Jipatie, ulibandike ukutani. Anza kutembea saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ukishuka nayo, na yakianza kugeuka nawe geuka. Mtu mwenye hedfoni masikioni na macho chini hasikii maji yakimzunguka kutoka nyuma, hasa penye miamba.

Halafu jua upepo. Kaskazi bahari huwa shwari kiasi na mchanga hurudi ufuoni, hivyo vilivyodondoka huenda chini zaidi. Kusi likivuma, mawimbi huchota mchanga, ufuo hukatika ngazi, na mwani hujaa. Wenye hoteli hulalamika. Mwenye ditekta hufurahi. Kitu kizito huzama mchangani hadi kikutane na tabaka gumu, kokoto au mwamba, na hukaa hapo pamoja na vizito wenzake. Kusi likiondoa mchanga wa juu, tabaka hilo huwa karibu. Ukikuta chubwi moja, na hatua moja mbele nyingine, na ya tatu, simama hapo hapo upekue polepole: bahari imepanga vizito pamoja, na dhahabu ya pete ni nzito kuliko risasi ya chubwi.

Mahali? Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, wengi tunauita Pirates, asubuhi ya siku inayofuata Idd au Krismasi, hauna mfano kwa sarafu. Chini ya mivinje watu hukaa kivulini na mifuko huinama. Penye uwanja wa mpira wa mchangani vitu huruka. Kwenye maji ya kiunoni ndipo pete hutoka vidoleni, kwa sababu maji hupunguza unene wa kidole na mafuta ya jua huteleza. Shelly na Likoni kwa jumla kuna shughuli chache, ushindani pia hakuna.

Lakini bahari ya Nyali, Bamburi hadi Shanzu ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1986, na sasa inasimamiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kabla hujaingiza koili, lile duara la chini la mashine, majini upande huo, pita ofisini kwao, uliza mipaka na masharti, omba jibu la maandishi. Na juu ya mstari wa bamvua, kule kwenye nyasi na mimea itambaayo, usichimbe kabisa: kasa hutaga huko, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Ukiona vijiti na alama, au nyayo pana za kujiburuta kutoka majini, pita mbali. Karibu na bandari ya Kilindini, feri ya Likoni, kambi ya wanamaji Mtongwe na uwanja wa ndege usipeleke mashine hata ikiwa imezimwa begani. Hakuna pete itakayolipa asubuhi nzima ya kujieleza kituoni. Kitambulisho tembea nacho siku zote, na ukikuta kitu chenye umbo la bomu au risasi kubwa, usikiguse, weka alama kwa mbali, ita polisi.

Tuje kwenye mashine, ambako ndiko pesa za watu hupotelea.

Ditekta hutoa uga wa sumaku kwa koili, uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hurudisha uga wake ambao mashine huusikia. Kwa kupima uga huo umechelewa kiasi gani, mashine hukisia ni chuma, ni foili, ni sarafu. Hadi hapo rahisi. Balaa la ufuoni ni chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari nao hupitisha umeme, kwa hiyo ufuo wote mzima unajibu, kidogo kidogo, kila mahali. Kusikiliza pete ndogo katikati ya hayo kwa mashine isiyofaa ni kama kumsikiliza mbu soko la Kongowea asubuhi.

Mashine ya kawaida ya masafa mamoja, yaani inayotumia kasi moja tu ya mtetemo wa umeme, hufanya vizuri mchanga mkavu na bustanini, ikifika mchanga wa maji huanza kulia ovyo, mpaka uipunguze nguvu. Mashine ya masafa mengi kwa pamoja hulinganisha majibu na kuitoa chumvi katika hesabu; hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa Mombasa. Aina ya tatu ni ya mapigo, ile inayotuma umeme kwa vishindo vifupi na kusikiliza kimya kinachofuata. Hiyo chumvi haiishughulishi, huenda chini sana, ila haibagui: msumari na pete kwake ni mamoja, na utachimba kila kitu mpaka mgongo ukuulize. Waachie waliokwisha kubobea.

Bahati yetu ni mchanga mweupe wa matumbawe, hauna madini mengi ya kuitia mashine wazimu. Ukienda Malindi na Mambrui, Sabaki hushusha mchanga mweusi mzito wenye chuma, na mashine inayotulia Nyali huko hupiga kelele. Usiilaumu, iweke sawa na ardhi upya. Karibu kila mashine nzuri ina kitufe cha hilo.

Kwa majina: Minelab ya Australia wanayo Vanquish, mashine ya kuanzia yenye masafa mengi, nyepesi, lakini kisanduku chake cha juu hakitaki maji, koili tu ndiyo inaloweshwa. Nokta ya Uturuki wanayo Simplex, yote inaingia majini, ila ni ya masafa mamoja. Kati ya hizo, kwa mtu atakayetembea mchanga uliolowa na asiingie maji ya kina, ningechukua ya kwanza. Kwa mwenye hamu ya kuingia kiunoni, na mfuko ukiruhusu, iko Equinox ya Minelab, inaunganisha yote mawili. Garrett wa Marekani ni imara na rahisi, mashine zao za bei ya chini ni za masafa mamoja, zinafaa zaidi bara. Kabla hujaagiza nje, zungumza na wakala wa forodha akuhesabie ushuru na kodi, maana bei unayoiona kwenye mtandao siyo bei ya mlangoni kwako. Na usinunue ile mashine ya kijani isiyo na jina inayouzwa kama kifaa cha kuchezea kwa watoto. Ni ya watoto.

Kuna nyingine usiiguse hata ukipewa bure: zile antena mbili za kushika mkononi, zisizo na koili, muuzaji anakuapia zinaonyesha dhahabu kilomita mbili mbali. Huo ni wizi mtupu. Mwingereza James McCormick aliuza vitu vya namna hiyo Iraq kama vifaa vya kugundua mabomu, ndani hamna kitu, na 2013 alifungwa miaka 10. Wanaouza hizi hapa kwetu mara nyingi ndio haohao wanaozungumzia zebaki nyekundu, ramani ya Mreno na mganga wa kuondoa majini yanayolinda hazina. Wakikutaka uwe mshirika, jua hazina wanayoitafuta iko mfukoni mwako.

Vifaa vingine havina gharama. Chekecheke la mchanga la chuma lenye mpini, fundi wa Jua Kali atakuchomelea. Mwambie matundu yawe madogo kuliko pete ya mtoto. Hedfoni. Mfuko wenye sehemu mbili, takataka upande mmoja. Takataka unaondoka nazo, na shimo unalifukia. Hilo halina mjadala, kuna ngamia na farasi wanaopita Bamburi, na watoto wanaokimbia.

Mazoezi yafanye nyumbani. Zika shilingi kumi, kizibo cha soda, kipande cha foili ya sigara, kishikio cha kopo, pete ya fedha ya mama yako (kwa ruhusa yake, na mfungie uzi). Pitisha koili chini chini, sambamba na ardhi, usiinyanyue mwishoni mwa mzunguko kama wanavyofanya wageni wote, na sikiliza. Chukua pia sarafu zako zote na sumaku, uone zipi zinashika: zenye chuma ndani mashine itaziongelea tofauti na za zamani. Kioo cha mashine kitakupa namba, lakini namba ni kisio. Pete nyembamba ya dhahabu na kishikio cha kopo huangukia karibu namba moja, hakuna mashine duniani inayowatenganisha kwa uhakika. Anayekataa kuchimba vishikio vya makopo anaziacha pete chini. Mkufu ni mgumu zaidi: kila kipingili hujibu peke yake kama kitu kidogo, na mkufu mzima wa dhahabu unaweza kulia kwa unyonge kuliko kizibo. Mtu akikuambia amepoteza mkufu, muulize ulikuwa na kidani. Utatafuta kidani.

Sasa swali lako la wenzako, ambalo naona ndilo lenyewe.

Usitarajie kukuta chama chenye ofisi na mwenyekiti. Wenye mashine Mombasa ni watu mmojammoja: mgeni anayekaa miezi ya kaskazi, fundi wa elektroniki aliyeletewa na ndugu yake wa Ughaibuni, mstaafu fulani. Hawajuani, kwa sababu kila mmoja anatoka alfajiri na kurudi kabla ya watu. Kwa hiyo wenzako hutawakuta mahali wamekusanyika, utawavuta. Na njia ya kuwavuta ni kujulikana kama mtu anayewatafutia watu vilivyopotea, bure au kwa ahsante.

Fikiria ulipo. Unafanya kazi hotelini. Kila wiki ufuo huo una mtu anayelia pete. Wanaoijua habari hiyo kwanza ni askari wa mlangoni, waokoaji, vijana wa ngamia, mabichi boi, kina mama wanaosuka nywele na kuuza kanga. Hao wote wape namba yako. Waeleze: mtu akipoteza kitu, mumzuie asichimbuechimbue, aweke fimbo mahali alipokuwa amekaa, mnipigie kabla maji hayajajaa. Ukishawarudishia watu wawili watatu vitu vyao mbele ya macho ya ufuo mzima, yule fundi mwenye mashine iliyolala kabatini Majengo atasikia. Atakupigia yeye. Nje huko kuna hata orodha ya kimataifa ya watu wa kazi hii, The Ring Finders, ambako mtu aliyepoteza pete hutafuta mtafutaji wa karibu naye. Itazame uone wanavyoandika makubaliano yao na mwenye kitu kabla ya kuanza.

Watu wengine wa kuwaendea, hata kama hawana mashine: wakusanyaji wa sarafu na noti za zamani, ambao wanajua kusoma ulichookota kuliko wewe, wapiga mbizi wa vituo vya Nyali na Bamburi, wavuvi, ambao wanakumbuka jahazi gani ilipinduka wapi na mchanga gani ulikuwa wapi miaka ya nyuma, wanafunzi wa umeme na elektroniki wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hao watapenda mashine yenyewe hata zaidi ya pete. Na vikundi vya kusafisha ufuo. Hapa nakusihi usipuuze. Wao huokota plastiki ionekanayo, wewe utatoa misumari, vizibo na ndoano zilizofukiwa ambazo huchoma miguu ya watoto. Nenda nao mara moja na mashine yako, na hakuna atakayekushuku tena ukionekana peke yako unachimba. Kushukiwa si jambo dogo: tangu fujo za wizi wa nyaya na vyuma vya umma, mpaka biashara ya chuma chakavu ikasimamishwa kwa miezi kadhaa 2022, mtu anayefukua metali hadharani hutazamwa kwa jicho jingine. Ulichookota usikiuze kwa mwenye skrepu. Biashara hiyo ina sheria yake ya 2015 na leseni yake.

Mkifika watatu, inatosha. Lakini kabla ya kutoka pamoja kubalianeni mambo mawili matatu kwa maneno wazi, maana nimeona urafiki ukivunjika kwa pete ya gramu nne. Kila mtu na anachokiokota, au mnagawana? Aliyeitwa kwa simu na mwenye pete ndiye msemaji, au nani? Kitu kinachonuka ukale kinakwenda Fort Jesus bila mtu kukificha, na atakayeficha hatoki nasi tena. Daftari moja liwepo, tarehe, mahali, maji yalikuwaje, kilichotoka. Tofautianeni umbali, mashine mbili zikikaribiana hupigiana kelele. Hatua kumi na zaidi. Picha za mlichopata wekeni mtandaoni mkitaka, mahali msipataje, la sivyo wiki ijayo mtakuta mashimo ya watu wenye majembe.

Limebaki la nani mwenye kitu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, iko wazi kwa anayeokota: ukikichukua kitu kilichopotea kiwe chako huku unamjua mwenyewe, au unaweza kumpata kwa juhudi ya kawaida, umeiba. Pete yenye majina na tarehe ndani ina mwenyewe. Simu ina mwenyewe. Peleka hoteli iliyo karibu, ziandikishe kwenye daftari lao la vilivyopotea, au kituo cha polisi upewe namba ya OB, daftari lao la matukio. Sarafu za shilingi kumi tano zilizotoka kwenye mchanga wa Pirates, hizo nunulia mahamri.

Na kwako wewe hasa, kabla hujatoa hata shilingi ya mashine, zungumza na meneja wako. Ufuo uko wazi kwa umma, lakini wewe ni mwajiriwa, na mgeni akipoteza kitu mbele ya hoteli yenu halafu kikaonekana mkononi mwa mfanyakazi, maelezo yatakuwa marefu. Mwambie unataka kuwasaidia wageni kutafuta vilivyopotea, nje ya zamu yako, na kila kitakachotoka kitapita mapokezi na kuandikwa. Mameneja wengi watakubali, maana mgeni aliyerudishiwa pete huwasifu kwa kila mtu. Asipokubali, fanya mchezo wako Shelly, upande wa pili wa feri, na mashine uivukishe kwa gari ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya mfuko.